Nyumba Iliyofuliwa

Watu wa Bertrams waliizoea nyumba ile jinsi mtu anavyolizoea jino bovu. Ilikuwa ya mbao na mabati, imejengwa enzi zile za wachimba dhahabu, na ilikuwa imeegemea upande wa uwanja wa mpira kama mlevi anayesikiliza habari za watu. Vyumba vitano, kibaraza mbele, jiko nyuma, na kila chumba kilikuwa na rangi yake, maana kila mpangaji aliyepita alipaka iliyompendeza, na wengine hawakupendezwa na kitu cha maana.

Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa la kutazama barabara, kilikuwa cha Marthe. Marthe ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na mwaka ule wa 2017 alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili ndani ya chumba kile cha buluu. Kibao cha biashara hakuwa nacho. Alikuwa na dirisha. Kila gauni likiisha, alilitundika pale, na mwanamke aliyekuwa akipita na mambo yake alisimama, akainamisha shingo, akagonga. Fundi asiye na dirisha ni kama jogoo aliyetiwa ndani ya gunia: kuwika anaweza, lakini nani atajua kumekucha?

Vyumba vinne vilivyobaki vilikuwa vya kanisa, na kanisa lilikuwa la Mtume Gradi. Gradi huyu aliingia Johannesburg akiwa kinyozi. Mwaka wa pili akawa mwinjilisti, wa tatu mchungaji, wa nne askofu, na wa tano, kwa kuwa hapakubaki mtu juu yake wa kumpandisha, akajipandisha mwenyewe kuwa Mtume. Waumini walimwita Papa Mtume. Marthe alikuwa muumini wake na ndiye aliyemshonea. Kila cheo kilikuja na kanzu yake, na kila kanzu ilikula kitambaa kingi kuliko iliyotangulia, wala si kwa sababu ya cheo peke yake.

Basi mwenye nyumba akafa. Watoto wake wakauza kiwanja kwa mtu mwenye haraka, aliyetaka kujenga ghorofa la wanafunzi. Lakini nchi ile ina sheria: nyumba iliyopita miaka sitini huibomoi hivihivi kama kibanda cha kuku. Wakaja watu wa majengo ya kale, wakapiga picha, wakagusagusa mbao, wakasema nyumba hii kufa haiwezi, ila kuhama inaweza, mradi ikasimamishwe kwingine vilevile ilivyokuwa. Mnunuzi akaligeukia kanisa: "Mnaitaka? Ni yenu, bure. Mwisho wa Agosti niikute ardhi tupu."

Kanisa lilikuwa na kiwanja Malvern, hatua chache kutoka Jules Street, palipoungua nyumba zamani. Waumini waliposikia neno bure, waliimba hadi majirani wakafunga madirisha. Hakuna aliyekumbuka kwamba rahisi huvunja upishi.

Ikaundwa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti alikuwa Owuor, Mkenya wa benki, aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa na tai na kompyuta ya mapajani. Hakuna aliyejua hasa kwa nini Mkenya wa benki anasali na Wakongo wa Bertrams. Wenye midomo walisema Wakenya wenzake walimchoka kwa vikao. Kamati ilikaa mara tatu. Ikaamua nyumba ibebwe nzimanzima juu ya lori refu. Owuor akaleta mchoro wenye mishale myekundu. Mwenye lori naye akaja, mzee mmoja wa Kizulu mwenye tumbo la heshima, akaizunguka nyumba, akaipiga teke nguzo moja ya kibaraza. Nguzo ikaanguka. Mzee akasema, "Eish," akacheka mpaka akashika mbavu, akapanda lori lake akaenda zake.

Kikao cha nne kilikaa kama matanga. Marthe alikuwa pembeni anapinda upindo wa sketi. Akasema bila kuinua macho:

"Nyumba ni gauni tu. Gauni la harusi haliingii ndani ya sanduku likiwa limevaliwa. Unalifumua, unakunja vipande, unabeba, unakwenda kushona tena kule."

Watu wakatazamana. Mtume Gradi akafumba macho, akainua mkono.

"Roho alinionyesha jambo hilohilo tangu juzi," akasema. "Nilikuwa nangoja kuona nani atalithibitisha."

"Amina!"

"Na Mama Marthe, usiogope. Chumba chako cha mbele ni chako hapa, na kule ni chako. Naapa mbele ya kusanyiko hili."

"Amina!" wakaitika tena, na Marthe akaitika kwa sauti kuliko wote, kwani kile ndicho alichokuwa anakitaka duniani: dirisha lake lihame naye.

Kufumua nyumba si kazi. Kazi ni kujua kipande gani kinakwenda wapi. Marthe akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akapita ubao kwa ubao kabla msumari haujang'olewa. Alama zake alifundishwa Bukavu, kwenye karakana ya masista, na mama mmoja asiyejua kusoma wala kuandika lakini aliyekata mashati mia kwa wiki bila kukosea kola. Msalaba ni upande wa mbele. Mshale ni juu. Nusu mwezi ni mahali kipande kinapokutana na jirani yake wa kushoto. Vijistari ni safu ya ngapi.

Owuor akamfuata nyuma na kompyuta yake ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mama, hizi alama maelezo yake yako wapi?"

"Yako hapa," Marthe akagonga paji la uso.

"Sasa mtu mwingine akitaka kuzisoma?"

"Aje aniulize. Mimi siumi."

Owuor akaandika kitu. Siku za baadaye watu walikuja kuona alichoandika: *Maelezo: kichwani mwa Mama.*

Wiki mbili walifumua. Pikapu ikapiga safari ishirini na tatu kwenye Jules Street, mbao zimechomoza nyuma zimefungwa kitambaa chekundu, na kila kwenye roboti, yaani taa za barabarani, watu wa teksi wakapiga kelele kuuliza kama ni kuni. Mwisho wa Agosti ardhi ya Bertrams ilikuwa tupu kama alivyotaka mnunuzi. Mbao zote zikapangwa Malvern kwenye marundo, na vijana wa kwaya waliozipanga, kwa kuwa walikuwa na haraka ya mazoezi, wakazisimamisha kichwa chini, miguu juu.

Marthe akapeleka cherehani yake Jeppestown, kwa Chiku, Mtanzania muuza mchele, akapewa kona nyuma ya magunia. Hapakuwa na dirisha. Wateja wa Bertrams walipiga simu mara moja, mara mbili, kisha wakakaa kimya. Mtu hagongi mlango asiouona. Akawa anakarabati zipu za suruali za walinzi, anahesabu siku.

Sasa, kanisa lile lilikuwa na Jeshi la Maombezi, na jemadari wake alikuwa Mama Arlène. Mama Arlène alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na pua ya kunusa mapepo jinsi wengine wanavyonusa samaki aliyelala. Jumatano moja akaenda Malvern na wanawake wenzake kukiombea kiwanja. Wakaanza kwa kuimba. Wakazunguka marundo mara saba. Mara ya saba Mama Arlène akafumbua macho, na macho yake yakaangukia ubao.

Msalaba. Kichwa chini.

Akatazama ubao wa pili. Msalaba, kichwa chini, na nusu mwezi. Wa tatu: mshale unaelekea ardhini, kuzimu moja kwa moja. Kila ubao! Mamia!

"Yesu!" Mama Arlène akapiga ukelele uliosimamisha basi barabarani. "Hii nyumba imefungwa! Imefungwa ubao kwa ubao!"

Wakafunga kula siku tatu, na katika siku hizo tatu wakaifua nyumba. Sijatumia neno vibaya, waliifua. Ndoo za maji ya chumvi, sabuni ya kijani ya mche, waya wa kusugulia masufuria. Mtume Gradi, aliyekuwa Durban kwenye mkutano wa mitume, aliwabariki kwa simu, sauti imewekwa juu ili mbao nazo zisikie.

Marthe alifika Jumamosi. Alizikuta mbao zimeegemezwa kwenye uzio, jua la mwisho wa majira ya baridi linazianika, safi kama sahani za mgeni.

"Mama Arlène, munafanya nini?"

"Tumemaliza, dada! Tumeokoa nyumba. Kama ungeona yale tuliyoona! Misalaba ya kupinduka. Miezi. Mishale. Kuna mutu aliiloga hii nyumba, na nikimujua, mimi Arlène..."

"Huyo mutu ni mimi."

Mikono iliyokuwa ikisuuza ndoo ikasimama. Mwanamke mmoja akarudi nyuma, akakanyaga ndoo.

"Unakiri?" Mama Arlène akauliza polepole.

"Nakiri nini? Ile ni chaki! Chaki ya nguo! Msalaba ni mbele, mshale ni juu. Nyinyi mumesimamisha mbao kichwa chini, sasa ulitaka msalaba usimame namna gani?"

"Na ule mwezi?"

"Mwezi ni bega la kushoto."

"Bega la nani?"

Marthe akakaa chini juu ya ndoo. Aliona wazi kwamba jibu lolote lingeongeza siku tatu za kufunga.

Kikao cha tisa kilijadili kama jambo lile ni la kiroho au la kiufundi. Owuor alisema ni lazima lijulikane kwanza, ndipo lipelekwe kwenye kamati ndogo inayohusika. Kamati ndogo haikuwapo, ikaundwa. Mtume aliporudi kutoka Durban akakata shauri kwamba Mungu alitaka waanze upya kwa imani, na vijana wakaanza kupigilia kwa imani. Siku ya tatu palisimama kitu kando ya Jules Street. Ukuta wa jiko ulitazama barabara, na masizi yake yote hadharani. Mlango ulianzia kiunoni. Dirisha moja lilifunguka likatazama dirisha jingine, karibu kiasi kwamba watu wawili wangeweza kupeana mikono bila kutoka nyumbani. Upepo ukaja saa nane mchana, wala haukuwa mkali, ukakiangusha chote.

Marthe alikuwa hapo, ametumiwa mtu wa kumwita. Alikuwa tayari ameandaa maneno ya kuwasaidia bila kuwasimanga. Lakini Mtume alimwahi.

"Mama Marthe, kabla ya yote. Nimepokea kwamba chumba cha mbele kiwe ofisi ya Mtume. Watu wa Malvern wanahitaji kumwona mtumishi wa Mungu dirishani. Wewe tutakupa nafasi nyuma, karibu na jiko. Pana utulivu."

"Papa, uliapa mbele ya watu."

"Niliapa juu ya nyumba ile ya Bertrams, mama." Mtume alitabasamu kwa upole, tabasamu lile la kinyozi anayekuonyesha kisogo chako kwenye kioo. "Ile ya kale imepita. Hii ni nyumba mpya."

"Mbao ni zilezile."

"Zimeoshwa," akasema Mtume.

Hapo Marthe akamgeuzia mgongo. Wanaomjua walijua si dalili njema. Kitambaa kikimkorofisha huacha kusema nacho, hutafuta mkasi. Akaenda kwenye rundo, akapitisha kiganja juu ya mbao. Sabuni ilikuwa imeondoa chaki, lakini haikuondoa miaka kumi na miwili. Huu hapa ubao wa buluu wenye alama ya pasi aliyoiegemeza siku moja akajisahau. Huu una matundu ya misumari ya kamba ya kutundikia magauni, manne, na la tano limepinda. Huu ulikuwa chini ya dirisha, jua limeupausha nusu. Na misumari nayo: tundu la ubao huu linaitafuta nguzo yake kama kifungo kinavyotafuta kishimo chake. Aligeuza kumi, ishirini. Alikuwa anazisoma.

Akarudi kwenye kamati.

"Ninaweza kuisimamisha nyumba bila chaki. Yote. Lakini mimi naanzia pale ninapopajua. Chumba changu kwanza."

"Ofisi ya Mtume kwanza," akasahihisha Mama Arlène.

"Iite unavyotaka, mama. Bila pindo la kwanza hakuna gauni."

"Tusikimbilie, tufuate utaratibu," akasema Owuor. "Naomba niwakumbushe wajumbe, wale watu wa majengo ya kale wanakuja Oktoba. Wakikuta kuni, ati tutawaambia nini?"

Wakapiga kura. Tisa kwa wawili, chumba cha mbele kianze. Mtume alipiga kura ya ndiyo pia, maana kichwani mwake alikwisha kuchagua mahali pa kuweka kiti.

Marthe alimchukua Ignace, seremala, mtu wa maneno machache, na siku nne walifanya kazi bila kikao. Siku ya nne chumba cha buluu kilisimama peke yake kwenye kona ya kiwanja, na bati lake juu, na dirisha lake linatazama barabara, wima kuliko kilivyowahi kusimama Bertrams. Siku ya tano asubuhi na mapema pikapu ilisimama mbele. Cherehani ikashuka. Meza ikashuka, pasi, kitanda, sufuria mbili. Saa tatu gauni la manjano lilikuwa limening'inia dirishani. Saa tano mwanamke wa Malvern alisimama, akainamisha shingo, akagonga.

Mtume alifika mchana amebeba kiti chake kipya cha ofisi, chenye magurudumu. Akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na kitasa chake kipya vilevile.

"Mama Marthe!"

"Karibu, Papa," ikatoka sauti ndani, pamoja na mlio wa cherehani. "Umekuja kupimwa? Nahisi umeongezeka."

Angeweza kuvunja mlango. Lakini mwanamke wa kwanza alikuwa ndani amevaa gauni nusu, na Mtume hawezi kuonekana Jules Street akimvunjia mlango mwanamke aliyevaa nusu. Akaketi juu ya kiti chake cha magurudumu, na kwa kuwa kiwanja kina mteremko, kikampeleka taratibu hadi kwenye uzio.

Na nyumba iliyobaki? Marthe alitimiza neno lake. Kila asubuhi alitoka, akasoma mbao, akamwonyesha Ignace: huu hapa, ule pale. Lakini sasa kila mtu alikuwa amejifunza kwamba anayetangulia kukaa ndiye mwenye chumba. Mama Arlène alitaka chumba cha pili kiwe cha kutolea mapepo. Owuor alikitaka kiwe cha kumbukumbu za vikao. Mtume, aliyekosa mbele, alitaka katikati, na katikati ndipo palipokuwa pa waumini kukaa. Ukuta uliosimama asubuhi ulishushwa baada ya kikao cha mchana. Mwisho wa Septemba kanisa lilipasuka. Mama Arlène alionyeshwa kwamba yeye ni Nabii, akatoka na nusu ya waumini na nusu ya mbao, akaenda mbali: hatua kumi na mbili, upande wa pili wa kiwanja kilekile. Mahema mawili yakasimama, turubai mbili zikafunika marundo mawili, spika mbili zikaelekezana. Owuor alibaki mwenyekiti wa kamati za pande zote mbili, na hajawahi kuonekana mwenye furaha kama mwezi ule.

Marthe aliwashonea wote. Nabii alitaka zambarau. Mtume naye akataka zambarau iliyokolea zaidi.

Oktoba akaja kijana wa majengo ya kale na picha zake mkononi. Akatazama picha, akatazama kiwanja, akatazama picha tena.

"Nyumba iko wapi?"

"Iliyohama ndiyo hii," Marthe akamwambia kutoka dirishani. "Iliyobaki iko kwenye kikao."

Kijana akaandika, akasema atarudi baada ya miezi mitatu, akauliza kama anaweza kupunguziwa mikono ya koti.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ule mvua ya kwanza ilikuja kama zinavyokuja mvua za Johannesburg, bila hodi. Saa saba mchana spika zote mbili zilikuwa zinakemea mapepo ya upande wa pili. Saa saba na dakika kumi mbingu ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikashuka, barafu za ukubwa wa kifundo cha kidole. Hema la Mtume lilipasuka katikati. La Nabii liliruka likakaa juu ya ukuta wa jirani. Na watu wote, wa Mtume na wa Nabii, wakaona jambo moja kwa pamoja: kiwanja kizima kina bati moja tu.

Walibisha mlango wa Marthe wote kwa mara moja. Akafungua. Kumwacha mtu chini ya mawe si jambo la kibinadamu, hata awe Mtume.

Wakaingia wakajaa. Waliokuwa hawasalimiani mwezi mzima walisimama kifua kwa mgongo kati ya magauni. Nabii Arlène alibanwa kwenye ukuta wa buluu, pua yake ikigusa alama ya pasi. Owuor alikuwa juu ya kitanda, kompyuta kichwani. Hakuna aliyesikia mwenzake kwa kishindo cha bati, na kwa hiyo pakawa na amani kubwa.

Kisha kishindo kikapungua kidogo, kiasi cha mtu kuweza kusikika. Owuor akakohoa.

"Wapendwa, kwa kuwa akidi imetimia..."

"Kweli," akadakia Mtume. Alikuwa amesimama dirishani, mahali pale hasa alipopapigia hesabu, anatazama barabara, na barafu ikiyeyuka juu ya zambarau yake. Akageuka polepole, akaupima ukuta hadi ukuta kwa macho. "Mungu ametukusanya humu kwa makusudi. Si mnaona? Chumba hiki, kikitolewa ile meza, na kitanda kikienda nyuma..."

"Na mimi naliona hilo," akasema Nabii kutoka ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu Septemba.

Marthe aliinuka kwenye cherehani. Akapenya katikati yao, samahani mama, samahani papa, hadi mlangoni. Akaufungua wazi kabisa. Nje mawe yalikuwa bado yanaruka juu ya ardhi nyeupe kama mahindi kwenye kikaango.

"Mvua imekatika, Papa," akasema. "Nendeni na amani."